Uzi Ukikatika: Rubani wa Kivita na Ndege Nyuki

Mpwa wangu alirejea kutoka JKT mwezi uliopita, amekonda na sauti imekomaa, akaja kunisalimu nyumbani Ukonga kabla hata hajapumzika vizuri. Amesoma mchepuo wa PCM, na tangu akiwa darasa la tatu sijawahi kumsikia akitaja kazi nyingine zaidi ya urubani wa ndege za kivita. Simshangai. Sisi tuliolelewa Ukonga na Kipawa tumekua chini ya njia ya ndege, na kila ilipokaribia Desemba 9 tulizisikia ndege za jeshi zikifanya mazoezi ya gwaride la Uhuru, tukaacha chakula mezani na kukimbilia uani huku tumeinua shingo. Mara nyingi tulichelewa, kwa sababu sauti ilipotufikia ndege yenyewe ilikwisha pita.

Baada ya shikamoo na marahaba, aliniuliza swali ambalo nilihisi amelibeba kwa muda mrefu. "Mjomba, wenzangu kambini wananiambia kwamba hadi nimalize mafunzo, viti vyote vitakuwa vimeshachukuliwa na ndege nyuki. Ni kweli?" Aliniuliza mimi kwa sababu kazi yangu ni upimaji wa ramani, na kwa miaka kadhaa sasa nimerusha ndege nyuki, yaani ndege zisizo na rubani ndani, juu ya mabonde ya jiji hili. Nilimwomba anipe muda. Haya ninayoyaandika ndiyo jibu lenyewe, na nimeona niliweke mahali ambapo vijana wengine wenye swali kama lake wanaweza kulisoma.

Nianze na utabiri mmoja wa zamani, kwa kuwa watu wengi wanaosema kwamba rubani amekwisha huzungumza kana kwamba wao ndio wa kwanza kuliona jambo hilo. Mwaka 1957, Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Duncan Sandys, alitoa waraka wa serikali uliosema kwamba ulinzi wa anga wa siku zijazo ungekuwa kazi ya makombora, na kwamba ndege za kivita zenye rubani zilikuwa zinaelekea mwisho wake. Haukuwa mjadala wa barazani. Miradi ya kuunda ndege mpya za kivita ilifutwa, viwanda vikalazimika kuungana, na iliyonusurika ni ile ndege iliyokuja kuitwa Lightning, kwa sababu utengenezaji wake ulikuwa umefika mbali mno kuachwa. Lightning iliyohesabiwa kuwa ya mwisho iliendelea kulinda anga ya Uingereza hadi mwaka 1988, na marubani wa nchi hiyo wanaruka hadi leo.

Wamarekani nao waliwahi kuamini jambo la jamaa hiyo. Ndege zao za F-4 Phantom za mwanzo ziliundwa bila mzinga, kwa imani kwamba makombora yangemaliza kazi kabla adui hajaonekana kwa macho. Walipofika Vietnam waligundua kwamba makombora yale yalikosa shabaha mara nyingi, na kwamba marubani wao walikuwa wamesahau namna ya kupigana kwa karibu. Mwaka 1969 jeshi la wanamaji lililazimika kufungua shule maalumu ya kuwafundisha upya, na matoleo ya baadaye ya ndege hiyo yakarudishiwa mzinga. Simwelezi mpwa wangu haya ili adhani kwamba kila anayetabiri mwisho wa rubani atakosea daima. Ninachotaka akione ni kosa lililorudiwa: chombo kipya kilikuwa cha kweli, nguvu zake zilikuwa za kweli, lakini waliokisifu hawakuhesabu kile ambacho rubani alikuwa akikifanya bila mtu kukitaja.

Nguvu za ndege nyuki leo hazihitaji mtu wa kuzipigia debe. Mwaka 2020, katika vita vya Nagorno-Karabakh, Azerbaijan ilitumia ndege za Bayraktar TB2 za Kituruki kuharibu vifaru na mitambo ya kutungulia ndege ya upande wa Armenia, na iligeuza ndege kuukuu za An-2 kuwa chambo kisicho na mtu ndani, ili mitambo iliyofichwa ijitokeze kwa kuzifyatulia. Juni 1, 2025, Ukraine ilishambulia viwanja vya ndege vya kijeshi ndani kabisa ya Urusi, kimojawapo huko Siberia, kwa ndege nyuki ndogo zilizofichwa ndani ya malori. Waukraine walisema zilikuwa 117. Ndege kubwa za kudondosha mabomu ziliteketea zikiwa zimeegeshwa. Mwezi mmoja kabla ya hapo Ukraine ilitangaza kwamba boti yake isiyo na nahodha imetungua ndege za Su-30 kwenye Bahari Nyeusi. Mtu akizisoma habari hizi kwa mkupuo, anaweza kuamini kwamba Elon Musk alisema kweli mwezi Februari 2020, alipowaambia maafisa wa Jeshi la Anga la Marekani kwamba zama za ndege za kivita zimepita.

Lakini tazama nchi hiyohiyo ya Ukraine, ambayo imejifunza vita vya ndege nyuki kwa damu yake. Iliomba ndege za F-16 zenye marubani kwa muda mrefu, ikaanza kuzitumia mwaka 2024, na sehemu kubwa ya kazi ya marubani hao imekuwa kuwinda ndege nyuki na makombora yanayorushwa kwenye miji yao. Oktoba 2025 ilitia saini na Sweden hati ya nia ya kununua ndege za Gripen kati ya 100 na 150. Watu wanaoishi chini ya ndege nyuki kila usiku bado wanataka marubani, na nadhani tunapaswa kuwasikiliza kabla ya kumsikiliza yeyote kati yetu tunaotazama vita hivyo kwenye simu.

Ili nieleze kwa nini wanawataka, sina budi kwenda Jangwani.

Wasomaji wa Dar es Salaam wanalijua bonde la Mto Msimbazi na mafuriko yake. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwakusanya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wenyewe kuchora ramani za kata zinazofurika, na picha zilizopigwa na ndege nyuki zilisaidia sana kazi hiyo. Mimi nilijifunza kurusha katika kikundi kingine kidogo, kilichofuata nyayo hizo kwa kazi za kukodiwa. Siku moja, tukiwa na vibali vyote mkononi, tuliirusha ndege yetu yenye mapangaboi manne kutoka kwenye kiwanja kitupu ukingoni mwa bonde, ikaenda kupiga picha mstari kwa mstari kama mtu anayelima matuta. Dakika ya kumi na kitu, kidhibiti mkononi mwangu kikaandika kwamba mawasiliano yamekatika. Picha kwenye kioo ikaganda. Nilisukuma vijiti vya kuongozea huku na kule, navyo havikuwa na maana yoyote kuliko vijiti vya kuchokolea meno.

Ndege ile ilikuwa imeelekezwa la kufanya. Ikikosa mawimbi inapanda hadi kimo ilichopangiwa, inarudi moja kwa moja mpaka pale ilipoanzia, kisha inashuka. Ikafanya hivyo kwa uaminifu kamili. Tatizo ni kwamba kiwanja kilichokuwa kitupu tulipoirusha hakikuwa kitupu tena. Watoto waliokuwa wametoka shule walikuwa wamejaa palepale kwenye alama ya kutulia, wameinua nyuso, wanaishangilia. Mapangaboi yanazunguka kwa kasi ya kumkata mtu vidole, na ndege inashuka, inashuka, nami nimeshika kidhibiti ambacho hakina tena neno la kuiambia. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo pembeni ndiye aliyepaza sauti ya kuwatawanya, nasi tukakimbia tukiwavuta kwa mikono. Hakuna aliyeumia. Usiku ule sikulala, na tangu siku hiyo siwezi kusoma habari ya ndege nyuki za kivita bila kuuona ule mduara wa nyuso.

Tulipokuwa wadogo tulirusha tiara za gazeti zilizoungwa kwa vijiti vya chelewa, na kila mtoto alijua kwamba tiara ni uzi. Karatasi ikichanika utaibandika kwa ugali; uzi ukikatika, tiara si yako tena, ni ya upepo na ya mtaa wa pili. Walikuwepo wakorofi waliopaka nyuzi zao chembe za kioo ili wakate za wenzao angani. Ndege nyuki ni tiara yenye uzi usioonekana, na vita vya kukata uzi huo ndivyo vinavyopiganwa sasa kwa mawimbi ya redio. Huko Ukraine pande zote mbili huvuruga mawasiliano kwa mitambo mikubwa na midogo, kiasi kwamba imebidi warudie uzi wenyewe: ndege nyuki nyingi sasa huruka zikifungua nyuma yao waya mwembamba wa mkongo, wa urefu wa kilometa nyingi, ambao hakuna anayeweza kuuvuruga kwa redio. Picha za mashamba yao yaliyotandwa nyuzi hizo kama utando wa buibui ninaziangalia kwa huzuni, lakini pia kama fundi, kwa sababu zinathibitisha jambo ambalo sifa za kibiashara hulificha.

Uzi huo una udhaifu hata pale ambapo hakuna anayeukata. Ndege nyuki za Marekani za Predator na Reaper ziliongozwa kwa setilaiti kutoka kituo cha Creech katika jimbo la Nevada, upande wa pili wa dunia, na amri ilichelewa sekunde moja au zaidi kati ya mkono wa rubani na bawa la ndege. Kwa ucheleweshaji huo haikuwa salama kuishusha ndege uwanjani, kwa hiyo kulikuwa na kikosi kingine karibu na uwanja, chenye kazi ya kuirusha na kuipokea. Kwa ndege inayozunguka taratibu juu ya nchi isiyo na jeshi la anga, sekunde hiyo inavumilika. Mbele ya ndege ya kivita ya adui haivumiliki. Desemba 2002 Predator moja iliyofungwa makombora ya Stinger ilikutana na MiG-25 ya Iraki. Ilifyatua, ikakosa, ikatunguliwa. Miaka tisa baadaye Iran ilionyesha hadharani ndege nyuki ya siri ya Marekani ya RQ-170 iliyoangukia mikononi mwake, ikidai kwamba iliiteka kwa kuyavuruga mawasiliano yake. Wamarekani walisema ni hitilafu. Kwa vyovyote vile, tiara ilikuwa imeangukia mtaa wa pili.

Sasa, mtu anayetaka ndege isiyo na rubani ipigane angani na adui mwenye uwezo wa kukata uzi ana njia mbili tu. Ama amweke binadamu karibu, ndani ya ndege yenyewe au ndani ya ndege iliyo jirani nayo, ama aiache mashine iamue peke yake uzi ukikatika. Ile yangu ya Jangwani iliamua peke yake, na uamuzi wake ulikuwa kurudi nyumbani. Ndege ya kivita inayorudi nyumbani kila inapovurugwa haina faida kwa aliyeinunua. Itabidi iendelee mbele, ichague shabaha, ifyatue. Kwa hiyo anayesema kwamba ndege nyuki zitamwondoa kabisa rubani wa kivita anasema pia, hata kama halitamki, kwamba uamuzi wa kuua utakabidhiwa kwa programu ya kompyuta. Hayo ni maneno mawili yaliyofungwa kwenye kamba moja, nami nasisitiza yasemwe kwa pamoja.

Je, programu inaweza? Katika ufundi mtupu wa kuruka, ndiyo, inaweza, na kijana anayeitaka kazi hii hapaswi kudanganywa. Agosti 2020, katika mashindano yaliyoandaliwa na DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, programu ya akili unde ya kampuni ndogo ya Heron Systems ilipambana na rubani mzoefu wa F-16 kwenye kifaa cha kuigizia urukaji, ikamshinda mara 5 kwa bila. Ni haki kuongeza kwamba kompyuta ilipewa taarifa kamili za mahali alipo mpinzani wake kila wakati, jambo ambalo angani halipo, na kwamba ilifyatua mizinga uso kwa uso kwa namna ambayo marubani hukatazwa mazoezini kwa kuhofia kugongana. Lakini hadithi haikuishia kwenye kifaa cha kuigizia. Mwaka 2023, huko Edwards, California, ndege halisi ya X-62A iliyoongozwa na akili unde ilifanya mapigano ya karibu dhidi ya F-16 yenye rubani, na mwezi Mei 2024 Waziri wa Jeshi la Anga wa wakati huo, Frank Kendall, alipanda ndani yake akakaa huku mashine ikiruka. Mwaka 2025 ndege ya Kituruki ya Kızılelma, isiyo na chumba cha rubani kabisa, iliitungua ndege ya majaribio yenye injini ya jeti kwa kombora la angani.

Mwili wa binadamu nao unaidhoofisha hoja ya rubani. Ndege ikikata kona kali, mwili hulemewa kwa uzito wake mara kadhaa; rubani aliyefunzwa, aliyevaa suruali ya kubana damu isishukie miguuni, anaweza kustahimili mara 9 kwa muda mfupi, na baada ya hapo macho yanaingia giza. Chuma na programu havina damu ya kushuka. Ukiondoa kiti, hewa ya kupumulia, vioo na mtambo wa kumrusha rubani nje, ndege inakuwa nyepesi na ya bei nafuu, na ikitunguliwa hakuna mama anayebishiwa hodi na maafisa wawili waliovaa sare. Jambo hili la mwisho nalichukulia kwa uzito. Kama nchi ingeweza kujilinda bila kumtanguliza mtoto wa dada yangu, ningeipendelea njia hiyo.

Kinachonizuia kuishia hapo ni upande wa pili wa kombora, kwa yule anayelipokea. Agosti 29, 2021, mjini Kabul, Wamarekani waliifuatilia gari moja kwa saa nyingi kwa kutumia kamera za angani, wakaamini kwamba limebeba mabomu, wakalipiga. Waliokufa walikuwa raia 10, wakiwemo watoto 7, na vitu vilivyodhaniwa kuwa vya hatari vilikuwa vyombo vya maji. Nilipoisoma habari ile niliikumbuka picha iliyoganda kwenye kioo changu. Kamera ya angani huonyesha vitu kwa uwazi wa ajabu na haionyeshi maana yake.

Hata hivyo nitakuwa mkosefu wa haki nikidai kwamba mtu akiwa ndani ya ndege makosa hukoma. Septemba 1, 1983, ndege ya kivita ya Su-15 ya Kisovieti iliitungua ndege ya abiria ya Korea karibu na kisiwa cha Sakhalin, wakafa watu 269. Rubani wake alikuwa karibu kiasi cha kuona taa na madirisha, na miaka mingi baadaye alieleza kwamba alitambua ni aina ya ndege ya kiraia, ila hakuwaambia wa chini kwa sababu hawakumuuliza. Nimelitafakari tukio hili kuliko mengine yote. Kulikuwa na jicho la binadamu mahali hasa linapohitajika, na halikusaidia, kwa sababu mfumo mzima ulimfanya mtu yule kuwa mkono wa waliokaa kwenye rada. Alikuwa rubani ndani ya chumba cha rubani, na bado alikuwa tiara.

Kwa hiyo siutetei mwili wa binadamu kukaa kwenye kiti kwa ajili ya kiti. Ninachokitetea ni kwamba pawepo mtu mwenye jina, aliyefunzwa, aliye karibu na tukio kiasi cha kuliona, mwenye mamlaka ya kusema hapana, na anayeweza kuitwa kesho yake kujieleza. Programu haiwezi kuitwa. Aliyeiandika atasema hakuijua hali ya siku ile, kamanda atasema hakuiandika, na msiba utabaki bila mwenyewe. Desemba 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu silaha zinazojiamulia kwa kura 166 dhidi ya 3, na Katibu Mkuu António Guterres ametaka mkataba wa kisheria ukamilike ifikapo mwaka 2026. Ningependa serikali zetu za Afrika zishike mstari wa mbele katika mazungumzo hayo, kwa maana ardhi yetu ni miongoni mwa zile ambako silaha hizi zinajaribiwa.

Majeshi makubwa yenyewe, ukiyatazama yanakoweka fedha zake, hayajamfukuza rubani. Jeshi la wanamaji la Marekani liliweza mwaka 2013 kuishusha ndege isiyo na rubani, X-47B, juu ya manowari ya kubebea ndege, kazi ambayo marubani huiogopa kuliko nyingine. Kisha likaamua kwamba ndege yake ya kwanza ya aina hiyo itakuwa ya kubeba mafuta ya kuwajazia marubani. Machi 2025 Marekani ilitangaza ndege yake mpya ya kivita, F-47, nayo ina kiti cha rubani. Pembeni yake zinaundwa ndege zisizo na rubani za kumsindikiza, na hesabu aliyoitaja Kendall mwaka 2023 ilikuwa ndege 1,000 hivi, yaani mbili kwa kila ndege yenye rubani kati ya 500. Australia inafanya vivyo hivyo kwa ndege yake ya Ghost Bat. Rubani anakuwa kiongozi wa kundi, uzi ni mfupi kwa kuwa yuko karibu, na hatari ya kutangulia inabebwa na chuma. Viti vitapungua, na atakayekikalia kimoja atahitaji kujua mengi zaidi ya kuruka.

Hayo ni ya matajiri. Sisi tulio kwenye mji wa bandari tuna swali letu. Wazee wa Kagera wanakumbuka ndege za Idi Amin zilivyoshambulia Bukoba mwaka 1978, na wa Mwanza wanakumbuka kwamba mwaka uliofuata ndege ya Libya iliyotumwa kuupiga mji wao ilikosa shabaha na mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama. Wakati ule, kuutishia mji wa mbali kulihitaji dola yenye ndege kubwa na marubani. Mei 2025 Port Sudan, mji wa bandari kama wetu, ulipigwa siku kadhaa mfululizo na ndege nyuki. Matangi ya mafuta yakawaka, uwanja wa ndege ukapigwa, na waliolaumiwa ni kundi la wapiganaji lisilo na jeshi la anga kwa maana ya zamani. Mimi hupita Kurasini mara kwa mara, na tangu wakati huo siyatazami matangi ya mafuta kwa jicho lilelile.

Ndege ya kivita ya kisasa hununuliwa kwa makumi ya mamilioni ya dola, na hakuna nchi ya ukanda wetu inayoweza kuijaza anga yake kwa ndege hizo. Usiku wa Septemba 9 kuamkia 10, 2025, ndege nyuki za Urusi zilipoingia Poland, ndege za kivita za bei kubwa mno zilipaa kuzitungua, na hata matajiri walijiuliza wataweza kuimudu hesabu hiyo kwa muda gani. Kwetu sisi nadhani njia ni rada nzuri, mitambo ya kuvuruga mawasiliano, mizinga ya bei ndogo, na watu wetu wenyewe wanaozielewa ndege nyuki hadi ndani ya nati zake. Watu hao watakuwa wanajeshi wa anga kwa kila maana ya neno, hata kama wengi wao hawatapaa.

Jumapili iliyopita nilimsindikiza mpwa wangu Kigamboni kwa mama yake, nasi tukavuka kwa pantoni. Ilibidi tusubiri, kwa sababu meli kubwa ya makontena ilikuwa ikiingia kwenye mlango wa bandari, ikipita karibu nasi kama ghorofa linalotembea, na matagi yakiisukuma ubavuni. Nilimwonyesha chumba cha juu, nikamwambia kwamba humo ndani yuko rubani, na kwamba Waswahili waliwaita hivyo watu wa kuongoza vyombo baharini kabla ndege ya kwanza haijaundwa. Yeye hashiki usukani. Anapanda kutoka kwenye boti ndogo, anasimama kando ya nahodha, anakijua kila kina na kila mkondo wa Magogoni, anasema geuza hapa, punguza pale, au simama. Nilimwambia kwamba kazi anayoitaka huenda ikafanana na hiyo wakati atakapoifikia.

Alitazama hadi meli ilipotupita. Kisha akauliza, "Ikigonga, anaulizwa nani, Mjomba?" Nikamweleza kwamba nahodha hubaki na dhamana hata rubani akiwa melini, na kwamba saa ya rubani kupanda na saa ya kushuka huandikwa kwenye kitabu cha meli. Akanyamaza kidogo, pantoni likaanza kuondoka.

"Basi na huko kwenye ndege nyuki," akasema, "jina linaandikwa wapi?"

Nilimwambia kwamba swali hilo aende nalo siku ya usaili. Mwishoni mwa mwezi huu anapeleka fomu.